Mnana Aliyepasua Kiota Chake

Palikuwa na ndege mnana, mwalimu wa kusuka viota, mwenye majivuno. Alikagua vya wanafunzi wake kutoka tawi la mbali, akitamka "kizuri" au "kibovu" tu.

"Kibovu wapi, Mwalimu?" aliuliza Tatile, mnana mwanafunzi mbishi aliyekaribia kutaga, kiota chake kilipoitwa kibovu.

"Kusuka kwako, kupima kwangu!"

Tatile akasuka kingine.

"Kizuri! Umefaulu."

"Ngoja nikipime mwenyewe." Tatile akaingia, akarukaruka. Sakafu ikapasuka.

Wenzake wakacheka. Mwalimu akafoka, "Mbona unajiharibia, binti?"

"Yai langu likianguka, Mwalimu, sifa zako hazitalidaka."

Akaanza upya, akizidisha nyasi chini, akirukaruka kila baada ya kusuka, mpaka sakafu ikamhimili.

Mwalimu akawageukia waliocheka. "Haya, ingieni viotani mwenu. Leo mnieleze nyinyi kama ni vizuri au vibovu."