Mkasi wa Shemeji

Jorrit alikuwa bado anatafuna keki yake ya kuzaliwa pale mke wa kaka yake alipomkamata kwa nyuma msuko wa nywele zake ndefu. Wageni, waliokaa duara na vikombe vya kahawa mapajani kama kila mwaka, wakapiga makofi.

"Leo nywele hizi zinatoka, shemeji! Watoto wenye saratani wanahitaji wigi. Wewe mwanamume zinakusaidia nini?"

Ubaridi wa mkasi ukamgusa shingoni. Kazini, dukani, hata msibani huulizwa atazitoa lini, kana kwamba kichwa chake ni shamba la umma.

Akaupokonya ule mkasi, akageuka. Nywele za shemeji mwenyewe zilimfika kiunoni.

"Haya, tangulia wewe, shemeji. Watoto wanasubiri."

Akawatazama wageni.

"Mbona hampigi makofi?"