Bosi Mpya wa Kanda

Sostenes alizima kijiko, ile mashine ya kuchimbia mtaro, akashuka, akaketi juu ya kalavati pamoja na wenzake.

"Injinia, wingu lile unaliona?"

Injinia Ignas aliliona. Lilikuwa limeinama upande wa Masumbwe, jeusi kama masizi. Mbele yao mtaro ulikuwa umeikata barabara, kutoka shamba hadi shamba. Makalavati yalikuwa yamefika, saruji ipo, mafuta yapo. Lakini kijito kilikuwa kimehama tangu mchoro ulipochorwa, na makalavati yalipaswa kusogezwa hatua chache kukifuata. Aliyeruhusiwa kubadilisha mchoro ni Msimamizi wa Kanda peke yake, na Msimamizi wa Kanda alikuwa amestaafu.

Ignas alipiga tena simu ofisi ya kanda, Kahama.

"Bosi mpya hajaripoti, Injinia," alisema Rhoda, katibu muhtasi, kwa upole wake wa siku zote. "Hata sisi tunamsubiri. Jana nimemfagilia tena chumba chake."

"Ni nani?"

"Hatujaambiwa. Ila wanasema ni mtu wa kazi."

"Nipige makao makuu?"

"Hee! Mtu wa saiti apige makao makuu? Mwenzako alijaribu, akapewa onyo. Kila kitu kinapitia kanda."

Ignas alikuwa na watoto wanaosoma. Akarudisha simu mfukoni.

"Huyo bosi anangoja barabara iishe ndipo apite," alisema Sostenes. Wenzake wakacheka, lakini si sana.

Bi Mbuke alikuja na kikapu cha matobolwa, viazi vyake vikavu alivyovichemsha asubuhi. Alishuka mtaroni na kupanda polepole, maana nyumba yake ilikuwa ng'ambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kuleni kabla havijapoa." Akamgawia kila mmoja, kisha akamsogelea Ignas. "Vaileth wangu, mke wa mwanangu, siku zake zimekaribia. Miguu imemvimba, na zahanati iko huku kwenu. Mtaro mtaufukia lini?"

"Nangoja amri, bibi."

"Basi Mungu amguse huyo mwenye amri."

Mvua ilianza jioni, ikakesha. Kulipopambazuka, Vaileth akashikwa na uchungu. Mtaro ulikuwa umegeuka mto.

Sostenes na wenzake walivua viatu, wakavuka kwa kushikana mikono. Walimlaza Vaileth juu ya kitanda cha kamba, wakakiinua mabegani. Ignas alishika mguu wa mbele. Maji yaliwafika kifuani, yakawarudisha nyuma, wakaingia tena, yakawarudisha tena. Katikati ya uchungu wake Vaileth aliwaomba radhi kwa kuwa mzito.

Walifika zahanati jua likiwa limepanda sana. Vaileth alipona. Mtoto hakulia.

Bi Mbuke alimkuta Ignas ameketi nje, nguo zikimchuruzika maji. Akavua khanga yake, akamfunika mabegani.

"Usilie, baba. Wewe ungefanya nini? Wewe huna amri. Aliyeniulia mjukuu ni yule asiyekuja."

Ignas aliendesha gari hadi Kahama na matope yake mwilini. Rhoda alisimama kumsalimu, Ignas akampita moja kwa moja. Alifungua chumba cha bosi. Kilikuwa kitupu, kisafi, kiti bado kimevikwa nailoni, barua za bosi mezani hazijafunguliwa. Akakikalia, akavuta simu ya mezani, akapiga makao makuu. Onyo na lije.

"Mimi ni Injinia Ignas, saiti ya Masumbwe," alisema. "Nataka jina la Msimamizi mpya wa Kanda. Jina tu. Kuna bibi nataka nikamtajie."

Mama mmoja wa upande wa pili akajibu kwa heshima.

"Unanitania, bosi? Si ni wewe! Uliteuliwa kabla ya mvua. Taarifa yako tuliituma kwa utaratibu: ipitie kwanza kwa Msimamizi wa Kanda, yeye ndiye akufikishie."