Mistari ya Majivu

Timu ilipanda madaraja mawili mfululizo, mji mzima ukatembea kifua mbele. Kisha mfadhili akajitoa, na leo Machano, mtunza uwanja, alikosa hata chokaa ya kuchora mistari.

"Bila mistari hakuna mechi," mwamuzi alimwambia kwa upole. "Wageni watapewa ushindi, nanyi mtashuka daraja."

Machano akabaki ameshika ndoo tupu. Bi Zawena, muuza maandazi wa pale getini, alisikia yote. Akaenda kwake, akarudi na karai la majivu ya jikoni.

"Chora, mwanangu. Ila ukipindisha, maandazi yangu utayasikia harufu tu."

Majirani walipoona hivyo, nao wakaleta majivu yao, wengine kwa sufuria, wengine kwa ndoo. Machano akachora taratibu, machozi yakimlengalenga, akasingizia vumbi. Mwamuzi aliikagua mistari yote, akatabasamu, akapuliza filimbi.

Wenyeji walipopata kona ya kwanza, pale pembeni kaa moja lilikuwa bado linafuka moshi. Beki wa wageni akainama, akalimwagia maji yake ya kunywa, kisha akasogea kando ili mpira upigwe.