Rangi ya Kiwandani

Harufu ya rangi mbichi iliwapokea mlangoni mwa gereji, na mwenye gari akaharakisha kuingia. Nyuma yake alikuwa mnunuzi, aliyetoka mbali kuja kuliona gari la mbio ambalo mwenyeji wake aliachiwa na marehemu baba yake. Kiwanda kilitengeneza thelathini tu ya aina hiyo, basi.

Shemeji wa mwenye gari, mpiga rangi, alisimama kando ya gari, meno yote nje, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Nimekesha nalo, shemeji! Lilikuwa limepauka, lingetuaibisha. Sasa tutaje bei tunayotaka."

Mnunuzi alibandika kipimo kidogo cha unene wa rangi kwenye boneti, akakisoma, akahamia mlangoni, akakisoma tena.

"Thamani yake ilikuwa kwenye rangi ya kiwandani," alisema taratibu, "na sahihi ya fundi aliyeliunda. Hiyo angalau ipo?"

Mwenye gari alifungua boneti. Mahali pa sahihi palikuwa pekundu tupu, laini kama kioo.

"Aa, yale machorochoro?" Shemeji alicheka. "Yalinitoa jasho hayo! Nimeyapiga msasa mpaka yakasalimu amri."

Mnunuzi alitia kipimo chake mfukoni, akaaga, akaenda zake.

"Kafuata hela, eh?" Shemeji alikuwa ameshabonyeza simu, rangi ikibaki kwenye kioo chake. "Ngoja nimwambie dada yako huko wodini. Madaktari wapange upasuaji, gari limeuzika."

Mwenye gari alinyoosha mkono ampokonye simu. Upande wa pili, dada yake alikuwa ameshapokea na kuyasikia, anacheka kwa furaha.