Watoto wa Kabatini

Watoto wote wanne walikuwa kabatini, na Marijani alikuwa ameagiza mlango usifunguliwe kwa mtu yeyote, hata agonge na kubisha hodi kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mwenyewe alikuwa mbali nao, huko Xintang, pembezoni mwa jiji la Guangzhou, China, kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya jinzi, amejilaza juu ya marobota. Viza yake ilikuwa imekwisha, na mwaka ule wa 2009 polisi wa Guangzhou walikuwa wakikagua pasipoti ghorofa kwa ghorofa. Mwenye karakana, aliyezoea kumuuzia mzigo, alimficha kwa sharti moja: asitoke. Watu wakija kuuliza kama kuna Mwafrika humo ndani, laoban, yaani bosi, alijibu neno moja tu: "Meiyou." Hakuna. Marijani alilisikia mara nyingi hadi akaanza kukubaliana naye.

Watoto wenyewe walikuwa miche ya bangi. Mzungu mmoja mnunuzi wa nguo alimwachia mbegu za aina fupi, zisizongoja mchana upungue ndipo zichanue. Zikifika umri wake zinajichanulia zenyewe, hata kabatini chini ya taa. Biashara ya jinzi ilikuwa imemfia mikononi, na maua yale ndiyo yangelipa faini ya viza na tiketi ya kumrudisha Dar es Salaam kabla mkewe, Bimdogo, hajajifungua mtoto wao wa kwanza. Kwa hesabu zake, muda ulitosha.

Kuiita miche watoto lilikuwa wazo la Hafidh, mwenzake wa chumba, aliyebaki mjini akililinda kabati. Si kwamba polisi wa Kichina walishinda wakisoma Kiswahili. Hafidh aliwaogopa Waswahili wenzake wa ghorofa ya chini, ambao kwao kusoma simu ya mtu kwa kupitia begani kulikuwa sehemu ya salamu.

Kila msako ulipopamba moto, Marijani alitupa laini ya simu na kutafutiwa nyingine. Namba mpya aliijua Hafidh peke yake. Hata salamu za Bimdogo zilipitia kwake. Alizipokea, akamrushia mwenzake kama zilivyo.

Siku za mwanzo ulikuja ujumbe: "Mtoto mmoja kawa manjano. Kainamisha shingo. Nimpeleke kwa Tom?"

Tom alikuwa Mkenya wa Zhanqian Road, mjuzi wa mimea, ila kunyamaza hakujua. Marijani aliandika: "Tom hapana. Umemnywesha mno. Mpumzishe maji, taa isogeze juu." Siku si nyingi mtoto akasimama. Hafidh akamwandikia, "Wewe ni daktari, bwana," na Marijani, ambaye hakuwa ametabasamu tangu aanze kulalia marobota, akatabasamu kidogo. Tangu hapo udaktari ukamkolea. Aliamini kwa moyo mmoja kwamba miche haiuawi na ugonjwa, inauawa na watu wenye wasiwasi.

Baada ya hapo siku zikafanana. Cherehani zilinguruma, buluu ya jinzi ikamwingia kwenye kucha. Akila sawa, asipokula sawa. Siku moja laoban alimtupia suruali ya sampuli, jinzi ya mtoto mchanga, inayotosha kiganjani. Marijani aliishika, akangoja furaha ije. Haikuja. Akaisukuma chini ya robota alilofanya mto.

Adhuhuri moja, polisi wakiwa mtaa wa pili, simu ikatetemeka. Namba ilikuwa ya Hafidh.

"Mtoto kawa manjano mwili mzima. Kalegea, hataki kunywa. Nimpeleke au nisubiri?"

Tom tena! Marijani aliona kwa macho ya moyo chungu cha mche ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye basi lililojaa polisi. Alipaswa kuogopa, lakini alichoka tu. Akaandika: "Usimpeleke popote. Manjano ni kawaida, yataondoka yenyewe. Usimnyweshe kwa nguvu. Mwache ndani atulie."

Akatuma. Kisha akachomoa laini, akaivunja vipande, maana laoban alikuwa mlangoni akisema meiyou kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Msako ulipopoa, Hafidh alikuja mwenyewe Xintang, na begi begani. Naye alikuwa ametupa laini yake jioni ya siku ileile, kwa hiyo wiki kadhaa zilipita bila yeyote kumpata mwenzake, wala nyumbani kuwapata wao.

"Hongera, baba mtu!" alisema, akimkumbatia kwa nguvu.

Marijani alilifungua begi. Maua yalikuwa yamekauka vizuri, yamefungwa ndani ya mashati, na harufu yake ikakijaza chumba.

"Wote wanne?"

"Wote wanne. Wamejichanulia wenyewe, kama ulivyosema. Na mnunuzi nimeshampata."

Basi tiketi ilikuwa imepatikana. Marijani alikaa juu ya robota, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile machozi yakamlenga. Angemwahi Bimdogo kabla hajajifungua. Aliingiza mkono chini ya robota, akaitoa ile suruali ndogo, akaikung'uta vumbi.

"Kumbe hata yule wa mwisho alipona," alisema. "Yule aliyekuwa manjano mwili mzima."

Hafidh alicheka. "Mche uliokuwa manjano ni ule wa kwanza tu. Ile meseji ya mwisho ilikuwa ya shemeji Bimdogo, nilikurushia kama ilivyo. Na jibu lako nikamrushia palepale."