Mashindano ya Kugombeza

Dereva wa lori, mwanamume wa ndevu na kitambi cha heshima, alijifunga kitambaa cha kichwa chenye maua ya njano, akashika kiuno, akaanza kuugombeza mto wa kochi.

"Wewe! Nimekuita mara ngapi? Hayo masikio ni ya kwako au umeazima?"

Sebule nzima iliangua kicheko. Watoto walikuwa wamejazana sakafuni, mashemeji wamebanana mlangoni, na baba mzee, kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa shati. Yalikuwa machozi ya kucheka, maana ya aina nyingine yalipigwa marufuku. Siku ya kumkumbuka mama, sheria ya baba ilikuwa moja tu: atakayelia ataosha vyombo vyote peke yake.

Kila mwaka, tarehe ile ile aliyofariki, walikutana hapo nyumbani na kushindana kumwiga. Mama alikuwa dobi. Alipiga pasi nguo za mtaa mzima, na hakuna aliyekanyaga kizingiti chake akatoka bila kuambiwa neno. Aligombeza kwa furaha na kwa sauti, kama wengine wanavyoimba. Basi aliyemwiga vizuri kuliko wenzake alipewa kile kitambaa, akakaa nacho kwake mwaka mzima.

Dada mkubwa, mkunga, alikuwa amekichukua mara nyingi mno. Kaka dereva naye alikuwa na zamu zake. Aliyekuwa hajawahi kukipata hata mara moja ni mdogo wao, seremala, ambaye licha ya kuwa na mke na watoto, hadi leo walimwita Kitinda. Alikwisha kukitengenezea kisanduku cha mbao, akakipaka vanishi hadi kikang'aa. Huu ulikuwa mwaka wa nne kisanduku kiko tupu juu ya kabati. Mkewe alikuwa ameanza kumshauri wakitilie sukari.

Si kwamba hakujitahidi. Mwaka juzi alitoa sauti nzito kupita kiasi, kaka akauliza, "Jamani, huyo ni mama au mlinzi wa geti?" Mwaka jana alisema maneno yote sawasawa, hakuacha hata moja, lakini baba alitikisa kichwa.

"Maneno ni yake, mwanangu. Mwenyewe hayumo."

Hilo lilimchoma. Mwaka mzima alikuwa akiranda mbao huku akizigombeza, mpaka wateja wakaanza kunong'ona kwamba fundi wao kachanganyikiwa.

Sasa dada mkubwa alikuwa amechukua kitambaa, akiinua juu shati la kufikirika mbele ya mteja wa kufikirika. "Hili doa ni la leo, au mmerithishana?" Baba alicheka hadi akakohoa, na watu wakajua mambo yamekwisha.

"Haya, Kitinda," kaka alisema, akimrushia kitambaa. "Tuletee mlinzi wako wa geti, tumalize tule."

Kitinda alikifunga kichwani. Hakuuendea mto. Alimwendea kaka yake, mtu mzima na ndevu zake, akasimama mbele yake karibu kabisa.

"Unaniona nimesimama hapa," alianza taratibu, "unadhani nimekuja kupamba nyumba?"

Watoto walicheka. Kitinda hakucheka. Ulimi ukiendelea kugombeza, vidole vyake vilianza kufunga vifungo vya shati la kaka, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alipandisha sauti, akauliza kama nyumba hii haina kioo, akauliza kama kifua hicho kinauzwa. Alipofika kifungo cha juu kabisa alikifunga, akakipigapiga kidogo kwa kiganja.

"Nikikuona tena hivi, nitakupiga pasi wewe mwenyewe. Haya, nenda."

Hakuna aliyecheka. Dada mkubwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kaka alishika kile kifungo cha juu. Katika miaka yote ya mashindano, si yeye wala dada aliyewahi kukumbuka vifungo.

"Ndiye," baba alisema. "Ndiye kabisa, jamani." Alijifuta tena macho kwa mkono wa shati. "Vyombo vya leo nitaosha mimi."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Kaka alimnyanyua Kitinda juu juu kama gunia, akamzungusha sebuleni na kitambaa chake kichwani, huku watoto wakipiga makofi na mke wa Kitinda akipiga vigelegele.

"Lakini niambie," dada mkubwa aliuliza alipomkamata mkono. "Hiyo ya vifungo umeitoa wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau."

"Kwenu," Kitinda alijibu, bado akihema. "Nyinyi wawili hamjawahi kunigombeza bila kunifunga vifungo. Hata mwezi uliopita, dada, ulinifunga pale karakana mbele ya wateja wangu."

Dada alifungua mdomo abishe, akaona vidole vyake mwenyewe viko kwenye kola ya mdogo wake, akacheka kwa aibu na kumalizia kazi.

Kisha taa zikazimwa, keki ikaingia, wote wakaimba, na Kitinda akavuta pumzi ndefu, akaizima mishumaa ya umri wake yote thelathini na mmoja: mmoja kwa kila mwaka tangu mama afariki.