Seva Iliyouliza Jina

Tusekile alibisha hodi tena kwenye seva, akasubiri. Akanywa chai funda moja, akasimama, akakaa. Dirisha jeusi la maandishi likabaki tupu.

"Jamani, hata konokono ana haya," aliiambia kompyuta yake.

Seva ya chama cha wakulima wa kokoa ilikaa kwa mwenyekiti wao, mzee mwenye umeme wa jua na kufuli la maana. Tusekile aliihudumia kwa mbali, kwa kuandika tu. Kila alichoandika kilipanda mnara wa simu, kikaenda Dar es Salaam, ndipo kikateremka kwa mzee. Kuingia kulichukua muda wa kuchemsha maharage, na akishaingia, njia inakatika, aanze upya. Siku nyingine alivumilia. Leo mnada ulikuwa unafungwa saa sita, na kokoa yote ya vijiji vya Bujonde na Ipyana ilikuwa haijaingizwa kwenye orodha.

Simu ikaita. Alikuwa Dickson, karani wa ghala.

"Mama Asifiwe, wakulima wamenijaa hapa mlangoni. Wanasema mnada huu ukitupita, kazi apewe Hezroni wa Mbeya. Yeye atakaa mbele ya mashine yenyewe, amalize."

"Waambie wasubiri."

"Kwani wewe huwezi kwenda?"

"Siwezi kufika kule, Dickson."

"Basi mpigie mzee aizime, aiwashe."

"Siwezi kumpigia."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana hata siku moja," alisema, akakata simu.

Kazi hii aliipenda, lakini kuna lililomuuma zaidi. Siku ile kwenye kikao, wengine walipocheka kwamba mwanamke atawezea wapi mashine, ni mzee aliyesema apewe yeye. Leo amwaibishe mbele ya chama kizima?

Nje wingu zito lilikuwa linajikusanya kutoka ziwani. Akaanza kuuhofia umeme wa jua wa mzee.

Mfa maji haachi kutapatapa. Aliyabana maandishi ili yasafiri mepesi, herufi zikaanza kuchangamka kidogo. Akaweka njia moja isiyofungwa, ili kila dirisha jipya lipite humo humo. Njia ikakatika, naye akarudi mlangoni kubisha hodi na kungoja, huku miguu ikicheza chini ya meza.

Hapo akashtuka. Kwa nini ngojangoja hii iwe mlangoni tu, kabla hajaruhusiwa kuingia?

Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu za seva, na mchawi akaonekana. Kila alipobisha, seva ilikuwa inalitafuta kwanza jina la anayebisha, inauliza mtandao mzima, inalikosa, ndipo inafungua kwa kinyongo. Pamoja na hofu yake, Tusekile alicheka. Mambo ya kutaja majina! Yeye wa kukwamishwa na hilo?

Akaiamuru isiulize tena jina la mtu. Akatoka, akabisha.

Mlango ukafunguka papo hapo.

Vidole vikaruka. Kokoa ya Bujonde ikaingia, ya Ipyana ikafuata, na matone ya kwanza ya mvua yalipogonga bati, simu ikaita tena.

"Imeingia yote!" Dickson alipiga kelele, na nyuma yake watu wakishangilia. "Hezroni abaki kwao!"

Tusekile akaegemea kiti, machozi yakimlenga. Ndipo kwenye dirisha lile lile, ambalo mzee naye huliona kwenye kioo chake, zikaanza kutokea herufi asizozibonyeza yeye. Za mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Kwa mwendo wa zamani, njia ingekatika kabla hajamaliza neno.

NDAGA FIJO MWANANGU. UMEKULA?

Mzee alikuwa anamshukuru sana, kwa Kinyakyusa chao. Akajibu: *Bado, baba.*

Kioo kikanyamaza. Mvua ikakolea.

Nje, nyuma ya migomba, mlango ukalia, kisha kikasikika kikohozi kile cha kumjulisha kwamba anapita. Tusekile akaivuta kanga mpaka usoni, akageukia ukuta. Chane ya ndizi mbivu ikawekwa kizingitini. Hakugeuka mpaka hatua za baba mkwe wake zilipovuka uwanja na kurudi kwenye nyumba yenye seva, ambayo yeye, mkamwana, kwa mila hajawahi kuikanyaga, wala kulitaja jina la mwenyewe, tangu aolewe.